Mtoto Akiambiwa "Rudi Kwenu": Mwongozo Kamili kwa Wafanyakazi wa Shule za Nairobi

Saa saba mchana, foleni ya githeri. Mvulana wa Gredi ya Sita anasukumwa kando na mwenzake anayemwambia, "Warya, rudi kwenu!" Warya ni neno linalotumiwa kuwakejeli Wasomali. Mpishi amesikia. Mwalimu wa zamu naye amesikia, maana yuko karibu. Watoto wengine hawawaangalii tena hao wavulana. Wanawaangalia watu wazima wawili, waone watafanya nini.

Mwongozo huu ni wa watu wazima hao na wenzao: mwalimu, mpishi, askari wa lango, karani, mhasibu, matroni, dereva wa basi, mwalimu mkuu. Ninaamini kwa dhati kwamba ubaguzi shuleni huzuiwa na kazi ndogondogo za kila siku, zinazofanywa na kila mtu anayelipwa mshahara pale. Shule iliyomwachia mwanasihi mmoja mzigo huu, akaushughulikie katika kipindi kimoja cha Ijumaa, bado haijaanza.

Kwanza, mjue mnakabiliana na nini

Nairobi ilijengwa kwa kugawanywa. Wakoloni waliwapangia Wazungu, Wahindi na Waafrika mitaa yao, na shule zikafuata mpango huohuo. Nairobi School ya leo ilikuwa Prince of Wales, ya wavulana wa Kizungu. Lenana ilikuwa Duke of York, nayo ya Wazungu. Jamhuri ilikuwa Duke of Gloucester, ya Wahindi. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza mfumo mmoja wa elimu kwa watoto wote wa taifa huru, na sheria za utengano zikafa. Mitaa, hata hivyo, bado inakumbuka, na mtoto huja shuleni na mtaa wake mfukoni.

Wanaoumizwa leo ni wengi kuliko tunavyokiri. Wapo Wasomali, ambao wengi wao ni Wakenya kwa vizazi. Wapo Wanubi wa Kibera. Wapo watoto wa wakimbizi kutoka Kongo, Sudan Kusini, Ethiopia na Burundi wanaoishi Kayole, Kasarani na Eastleigh. Mtoto wa Kihindi huitwa majina ya dukani. Mtoto mweusi aliye katika shule ya karo kubwa huko Westlands au Karen hugundua kwamba hakaribishwi kwenye sherehe za siku ya kuzaliwa za wenzake. Wapo machotara, wapo wenye ualbino. Na upo ukabila wetu wa kila siku, tuliouzoea hadi hatuusikii.

Msipoteze muda katika kikao mkibishana kama kisa fulani ni ukabila au ni ubaguzi wa rangi. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, asili, dini, utamaduni, mavazi, lugha na kuzaliwa, na inamkataza mtu binafsi kama inavyoikataza serikali. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, inapofafanua kundi la kikabila inaweka pamoja rangi, dini na asili ya kitaifa. Mtoto aliyeambiwa arudi kwao hana haja ya kujua ameangukia kifungu gani.

Hatua ya 1: Anzeni na majilisi, chumba cha walimu

Hapa ndipo pagumu, na ndipo shule nyingi hukwama. Watoto hujifunza dharau kwa kutusikiliza sisi. Walimu wanne wanaongea lugha yao ya mama mbele ya mwenzao asiyeijua, wanacheka, naye anainamisha kichwa kwenye madaftari. Mwingine anasema "hawa wa Eastleigh wana pesa ila adabu hawana" mlango ukiwa wazi. Katika shule nyingine mwalimu kutoka ng'ambo anaitwa kwa heshima na jina lake kamili, huku dereva wa umri wa baba yao akiitwa "wewe" na watoto wa Gredi ya Tatu, na hakuna anayewakanya.

Mwalimu mkuu aitishe kikao cha wafanyakazi wote, wakiwemo askari, wapishi, wasafishaji na madereva. Mafunzo yetu mengi huwaalika walimu pekee, na wanaoyakuta matukio mengi zaidi ni hawa wengine: foleni ya chakula, basi, vyoo, bweni, uwanja. Kikao kiwe cha saa moja au mbili, na kitoke na mapatano yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi kinachoeleweka na wote.

Mapatano yenyewe yawe ya vitendo. Mbele ya mwenzako asiyejua lugha yako, tumia Kiswahili au Kiingereza. Hakuna kumwita mwanafunzi kwa kabila, nchi au rangi yake: si "yule Mhindi wa nyuma", si "Msudani", si "mweusi tii" hata kwa mapenzi. Hakuna kuigiza lafudhi ya mtu. Watoto wawaite wafanyakazi wote kwa jina pamoja na heshima yake, Mwalimu, Mzee, Mama, kama wanavyoitana watu wazima wa shule hiyo. Na mtu akikiuka, aambiwe na mwenzake papo hapo, kwa upole, bila kungoja kikao kijacho.

Mzazi naye anaweza kuwa mkosaji. Anapomtukana askari au mlezi wa basi kwa rangi au kabila lake, mwalimu mkuu amwite afisini na amwambie wazi kwamba shule haitavumilia. Mfanyakazi aliyetukanwa na kuachwa peke yake hatakuwa na nguvu ya kumtetea mtoto kesho.

Hatua ya 2: Lango, karani na rejista

Kabla mtoto hajaketi darasani, ameshapitia watu wawili: askari na karani. Mama aliyevaa buibui akipekuliwa mara mbili wakati mama mwingine anapita kwa tabasamu, mwanawe ameona. Kama shule inapekua, ipekue kila mgeni kwa namna moja, na utaratibu ubandikwe langoni.

Kwa karani, suala kubwa ni hati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya kabila, rangi, dini, lugha au asili yake. Lakini mfumo wa kuwasajili wanafunzi hudai namba ya cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo familia za wakimbizi na baadhi ya Wanubi hukwama. Hili si jambo dogo: mwaka wa 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, kwa kuwakawiza na kuwatilia shaka katika usajili wa kuzaliwa na uraia. Karani ambaye hajui hayo atadhani mzazi ni mzembe.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu: mpokee mtoto, aanze masomo, andika hati gani inakosekana, mpe mzazi orodha fupi ya pa kwenda kuitafuta, na mwalimu mkuu awasiliane na afisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu usajili. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa kosa la karatasi. Ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo na ya lazima; haikusema kila mtoto mwenye cheti.

Jina liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika. Karani anayemfupishia mtoto jina kwa sababu "ni refu" au kumgeuza Abdirahman kuwa "Abdi" kwenye rejista humletea shida ya mitihani miaka mingi baadaye, mbali na kumvunjia heshima.

Na nywele. Mapema 2019 msichana wa Kirastafari alizuiwa kusoma katika shule moja ya umma Kibera kwa sababu ya nywele zake za rasta. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba shule ilikosea. Kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa nywele au kitambaa cha kichwani, kanuni hiyo isomwe upya na bodi ya usimamizi, ikijiuliza inamgusa nani zaidi na kwa nini.

Hatua ya 3: Darasani

Jifunze kutamka majina ya wanafunzi wako wiki ya kwanza. Muulize mwenyewe faraghani, andika kando ya rejista jinsi linavyosikika, rudia hadi upate. Darasa likimwona mwalimu analihangaikia jina la Nyakuoth, halitalicheka.

Mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wa pekee. Mtoto wa Kongo anayesema "batoto" anazungumza Kiswahili cha kwao, kinachotumika kununua na kuuza kuanzia Bukavu hadi Lubumbashi. Mfundishe Kiswahili sanifu cha mtihani, naam, lakini umwambie, na darasa lisikie, kwamba anaongeza namna ya pili juu ya ile aliyo nayo. Ukicheka wewe, umewapa ruhusa wote.

Tazama mifano yako. Katika hesabu na insha, nani ni daktari, nani ni mlinzi, nani mwenye duka anayepunja wateja? Si lazima uandike upya kitabu. Badilisha majina katika maswali unayotunga mwenyewe. Waketishe watoto kwa kuwabadilisha kila baada ya wiki chache, maana wakiachwa wajipange, Nairobi nzima itajipanga upya hapo darasani kwa mitaa yake. Orodha ya viranja nayo iangaliwe kwa jicho hilohilo.

Tamasha za drama zinahitaji ujasiri. Michezo yetu ya kuigiza imezoea kuchekesha kwa lafudhi: Mkisii huyu, Mluhya yule, Mhindi wa duka, Msomali mwenye pesa. Mhusika mzuri hupewa msichana mweupe na mchawi hupewa mweusi. Mwalimu wa drama aseme hapana kabla ya mazoezi kuanza. Mtoto aliyewahi kuigiza lafudhi hiyo akapigiwa makofi na waamuzi hataelewa kwa nini anakatazwa uwanjani.

Kuhusu maudhui, mtaala wa umilisi umekwisha kuweka heshima, umoja na haki ya kijamii miongoni mwa maadili yake ya msingi, kwa hiyo huhitaji kibali cha mtu. Wafundishe watoto shule zao wenyewe ziliwahi kuwa za nani. Tarehe 21 Machi, siku ya kupinga ubaguzi wa rangi duniani, waeleze watu 69 waliouawa Sharpeville mwaka wa 1960. Tarehe 16 Juni, wanafunzi wa Soweto wa 1976. Tarehe hizo zinasaidia. Hazitoshi.

Hatua ya 4: Tukio linapotokea

Turudi kwenye foleni ile, kwa maana hapa ndipo wengi hujua wanachoamini lakini hawajui la kufanya.

Simamisha. Yeyote aliye karibu, hata kama ni mpishi, aseme kwa sauti ya kawaida inayosikika: "Neno hilo halitumiki katika shule hii. Simama hapa kando." Usipige kelele na usianze kuuliza maswali mbele ya umati. Mrudishe aliyeumizwa mahali pake kwenye foleni, apate chakula chake. Jambo hili la mwisho husahaulika mara nyingi: mtoto hutukanwa, kisha hukosa chakula akiwa afisini akitoa maelezo.

Mpishi au askari asilazimike kulimaliza. Kazi yake ni kusimamisha, kukumbuka maneno, na kumwambia mwalimu wa zamu mara moja.

Msikilize aliyeumizwa kwanza, peke yake, mahali palipo wazi kwa macho lakini si kwa masikio. Yapo maneno matatu ya kuepuka: "Wapuuze," "Ulimfanya nini?" na "Alikuwa anatania." Muulize: kumetokea nini, nani alikuwepo, imewahi kutokea kabla, na ungependa tufanye nini? Usimwahidi siri, mwambie nani utamweleza na kwa nini.

Andika siku hiyohiyo katika daftari la matukio. Andika tusi lenyewe kama lilivyotamkwa, wala usiandike "maneno mabaya". Andika mahali, saa, waliosikia, na alichofanya mtu mzima. Ikiwa aliyetukanwa alijibu kwa ngumi, yaandikwe yote mawili kwa mfuatano wake. Hapa ndipo dhuluma kubwa hutokea: mtoto huvumilia jina la kejeli muhula mzima, siku moja anapiga, na rekodi inabaki na neno moja, "kupigana". Yeye anasimamishwa masomo. Aliyemchokoza anakuwa shahidi. Ngumi iadhibiwe kama ngumi, lakini tusi lisifutike.

Kisha mkosaji. Muulize, "Umelisikia wapi neno hilo?" Jibu litakuonyesha kama tatizo liko nyumbani, kwenye basi, kwenye simu au kwa mwalimu mwenzako. Mweleze kosa lake kwa maneno machache, na mwanasihi ampe vipindi kadhaa vya kazi ya kweli. Adhabu ipo: akiwa kiranja, avuliwe ukiranja kwa muda, akiwa mchezaji, akose mechi. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na hata visingepigwa marufuku, mtoto aliyechapwa kwa ajili ya Msomali hutoka na chuki mpya dhidi ya Msomali huyo.

Sasa niseme jambo ambalo nalishikilia sana. Tuna mazoea ya "salimianeni, yaishe". Watoto wawili wanashikanishwa mikono mbele ya dawati la naibu, kila mtu anarudi kazini. Aliyeumizwa amelazimishwa kusamehe kabla hajasikilizwa, na aliyemuumiza amejifunza kwamba gharama ya kosa ni sekunde tano. Msiwakutanishe mpaka aliyeumizwa akubali, na akikataa, aheshimiwe. Wala msidai radhi ya gwarideni, mbele ya wanafunzi wote. Inamfanya mtoto atazamwe na shule nzima kwa mara ya pili.

Wapigieni wazazi wa pande zote mbili siku hiyohiyo. Kama mzazi hazungumzi Kiswahili wala Kiingereza vizuri, tafuteni mtu mzima wa kutafsiri, mzazi mwenzake au mwalimu wa madrasa mnayemwamini. Mtoto asitafsiri kisa chake mwenyewe: atakipunguza, kwa kuogopa kuhamishwa shule. Mzazi wa mkosaji aelezwe bila kufedheheshwa, hata akisema "lakini kwetu huongea hivyo tu".

Walioshuhudia nao wasisahaulike. Mwalimu wa darasa awaambie kwa kifupi kwamba jambo limeshughulikiwa, na awafunze la kusema siku nyingine: "Wacha, si hivyo," kisha kumwita mtu mzima.

Baada ya wiki moja, na tena baada ya mwezi, mtu aliyetajwa kwa jina katika daftari amuulize mtoto anaendeleaje. Mtu huyo awe yule ambaye mtoto anamchagua. Mara nyingi huwa si mwalimu. Huwa ni mpishi au matroni. Mkubalieni.

Kama kumekuwa na kipigo kikali, kitisho cha silaha au jambo la kingono, hizi si hatua za kutosha. Mtoto apelekwe hospitalini, na polisi na afisa wa watoto waarifiwe siku hiyo.

Hatua ya 5: Mkosaji akiwa mfanyakazi mwenzenu

Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumtendea mwanafunzi ukatili au kumdhalilisha, kwa mwili au kwa akili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mwalimu anayemwita mtoto "mkimbizi" kila anapokosa hesabu ajue yuko karibu na mstari huo.

Mtoto au mzazi akilalamika, mwalimu mkuu apokee malalamiko kwa maandishi, ampe nakala mlalamikaji, na amtenganishe mtuhumiwa na mtoto huyo wakati uchunguzi unaendelea. Mtuhumiwa asikilizwe kwa haki. Anayechunguza asiwe rafiki yake wala mtu wa kwao, na hilo lisemwe waziwazi ili pande zote ziamini matokeo. Kwa mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume inayowaajiri walimu wa umma, jambo zito lifike kwa tume. Kwa shule ya kibinafsi, kwa bodi na mwenye shule, jambo ambalo halimnyimi mzazi njia za sheria.

Na wewe uliyeona mwenzako akifanya hivyo? Mwambie kwanza, mkiwa wawili. Akirudia, andika. Najua inauma kumwandika mtu mnayekunywa naye chai saa nne. Mtoto hana chai ya kupoteza, ana miaka yake ya shule.

Hatua ya 6: Kalenda ya hatari

Kuna majira ambayo chuki hupanda, nayo yanatabirika. Baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka wa 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015, Wasomali wengi wa Nairobi walihesabiwa washukiwa kwa sura tu. Aprili 2014 polisi walikamata watu Eastleigh kwa wingi na kuwazuilia katika uwanja wa Kasarani. Baadhi ya waliozuiliwa walikuwa wazazi. Jambo kama hilo likitokea tena, mwalimu mkuu azungumze na wafanyakazi kabla ya kengele ya asubuhi: hakuna maswali ya "watu wenu wamefanya nini", zamu iongezwe vyooni na kwenye mabasi, na familia zinazoweza kuhofu zipigiwe simu kuambiwa watoto wao wanatarajiwa shuleni na watalindwa.

Uchaguzi Mkuu ujao ni Agosti 2027. Muhula unaotangulia ndio wa kujiandaa. Kuelekea 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilichapisha orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" na "kihii" yakiwamo; yatafutwe mapya yanayotumika mtaani kwenu, na wafanyakazi wote wayajue. Hakuna kofia wala fulana za vyama shuleni, hata kwa mwalimu, hata Jumamosi. Na kama mna klabu ya Amani, ipewe kazi halisi ya kuwapokea wanafunzi wageni, badala ya kutunga mashairi ya wageni rasmi peke yake.

Hatua ya 7: Hesabu na njia za nje

Kila mwisho wa muhula, naibu na mwanasihi wafungue daftari la matukio pamoja. Visa vinatokea wapi? Saa ngapi? Nani amesimamishwa masomo, na je, ni watoto wa kundi moja? Daftari likiwa tupu katika shule ya Nairobi yenye wanafunzi mia kadhaa, msishangilie. Ulizeni kwa nini watoto hawasemi. Kwa kazi hii msigawe fomu za kuuliza kabila. Walimu wa madarasa wanawajua watoto wao.

Shule ikishindwa, au ikiwa yenyewe ndiyo inayolalamikiwa, mzazi aelezwe anakoweza kwenda: bodi ya usimamizi, afisi ya elimu ya kaunti ndogo, TSC kwa mwalimu wa umma, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Kumweleza si kujichongea. Ni haki yake, naye akiipata kutoka kwenu ataendelea kuwaamini.

Mtoto mwenyewe ana nambari 116, ya simu ya watoto, isiyotozwa malipo. Msiibandike ubaoni nje ya afisi ya mwalimu mkuu, ambako anayeisoma huonekana na kila anayepita. Ibandikeni ndani ya milango ya vyoo, vya wasichana na vya wavulana, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine zinazozungumzwa nyumbani kwa watoto wenu, pamoja na majina ya watu wazima wawili wa shule ambao wamekubali kuitwa wakati wowote.